Mtungi wa Pili: Setilaiti Nzito na Roketi Inayorudi

Hotuba hii niliitoa Malindi, mbele ya wanafunzi, wazazi na wavuvi. Waliokosa kufika wameniomba niiandike, basi naiweka yote kama ilivyosemwa. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha.

Wazee wetu mliokaa mbele, shikamooni. Mama zetu, ndugu zangu wavuvi mlioacha nyavu zenu leo mkaja kunisikiliza, na nyinyi wanafunzi mliojazana mpaka madirishani, hamjambo nyote?

Nimeombwa nizungumze juu ya roketi. Naomba nianze na petroli.

Mjomba wangu, Mungu amrehemu, alikuwa mvuvi wa nguru. Alikuwa na mashua ya mashine, na kila alfajiri alipakia petroli mitungi miwili, hii ya plastiki ya lita ishirini. Mtungi wa kwanza aliuweka nyuma, karibu na mashine. Wa pili aliulaza mbele chini ya ubao, na mdomo wake akaufunga kitambaa chekundu, mafundo mawili, ili mkono usije ukaufungua kwa mazoea. Nilikuwa mtoto wa miaka kumi na mmoja. Nikamuuliza, "Mjomba, ule mbona umeufunga?" Akanijibu bila kugeuka, "Ule si wa samaki. Ule ni wa nyumbani."

Siku moja akaufungua. Kundi la nguru lilikuwa likirukaruka mbele yake, mbali kidogo, kisha mbali kidogo tena. Akakifungua kitambaa, akamimina nusu. Samaki alipata, wengi. Lakini mkondo ulimchukua usiku kucha, na alirudi kesho yake alasiri akivutwa kwa kamba na mashua ya watu wengine, barafu imeyeyuka na samaki wote wameharibika.

Wavuvi mliopo hapa mnacheka kwa sababu mnaijua hesabu hiyo. Mkipakia petroli ya kurudi, mnapunguza nafasi ya barafu na ya samaki. Msipoipakia, mtakwenda mbali zaidi na kubeba zaidi, lakini chombo hamtarudi nacho. Sasa basi, hesabu hiyohiyo ndiyo inayofanywa kule Florida, Marekani, kila roketi inapopeleka setilaiti nzito. Mtungi wa kwanza na mtungi wa pili. Swali langu la leo ni moja tu, na nitalirudia mpaka mlichoke: mtungi wa pili unalipiwa na nani?

Tuuangalie mzigo kwanza.

Setilaiti ya mawasiliano ni mnara wa redio uliopandishwa juu mno. Hupokea sauti, picha au intaneti kutoka upande mmoja wa dunia, ikaipa nguvu upya, ikaitelemsha upande mwingine. Zile kubwa huwekwa juu ya mstari wa ikweta, umbali wa kilomita 35,786 kutoka chini. Kwa nini huko hasa? Kwa sababu ukiwa umbali huo, mzunguko mmoja wa setilaiti huchukua muda uleule ambao dunia hujizungusha mara moja. Kwetu huku chini inaonekana imesimama. Mimi ni fundi wa madishi, nimepanda mapaa ya shule, zahanati na hoteli katika pwani hii miaka mingi, na kila ninapokaza nati ya mwisho nastaajabu vilevile: dishi hili halitasogea tena, nacho kile kilicho juu hakitasogea, nao wataangaliana miaka kumi na tano.

Tarehe 23 Agosti 1963, Rais John F. Kennedy alikaa Ikulu ya Washington akazungumza na Waziri Mkuu wa Nijeria, Abubakar Tafawa Balewa. Mitambo ya upande wa Afrika ilikuwa ndani ya meli iitwayo Kingsport, iliyotia nanga Lagos. Ilikuwa mara ya kwanza viongozi wawili wa serikali kuzungumza moja kwa moja kwa njia ya setilaiti, na mmoja wao alikuwa Mwafrika. Jambo hilo wengi hawalijui, nami napenda kulisema kila ninapopata watu wa kunisikiliza. Setilaiti yenyewe, Syncom 2, ilirushwa ikiwa na uzito wa kilo 68 hivi. Uzito wa mtu mzima mmoja!

Mwaka mmoja kabla yake, 1962, ilikuwa imerushwa nyingine iliyoitwa Telstar. Kilo 77. Jina hilo limeendelea kurithiwa, na mjukuu wake ndiye ninayetaka tumfuate leo: Telstar 19 Vantage, ya kampuni ya Telesat ya Kanada, iliyoundwa California. Unajua ilikuwa na kilo ngapi? Kilo 7,075 hivi. Ndovu dume mkubwa wa Tsavo hafiki hapo. Siku iliporushwa, haikuwahi kutokea setilaiti ya mawasiliano ya kibiashara nzito kama hiyo. Rekodi ilikuwa ya TerreStar-1 ya mwaka 2009, kilo 6,910.

Uzito huo wote wa nini? Kuna mabawa ya kunasa umeme wa jua, kuna antena, kuna vyombo vya kukuza mawimbi. Lakini sehemu kubwa ya uzito ni mafuta. Ndiyo, setilaiti nayo ina tangi lake. Roketi haiifikishi hadi mlangoni. Huiachia njiani, kisha yenyewe huwasha injini yake ndogo na kupanda sehemu iliyobaki. Ikifika, huendelea kutumia mafuta kidogo kidogo kila mara ili isipeperushwe na mvuto wa jua na mwezi. Mafuta yakiisha, hata kama mitambo yote ni mizima, kazi yake imekwisha. Likumbukeni tangi hilo, tutalirudia.

Hapa nisimame kidogo, maana niko Malindi na siwezi kupita kimya. Watoto, mnajua kwamba roketi zimerushwa hapa? Kule Ngomeni, baharini, kwenye jukwaa la San Marco. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya inaadhimisha miaka saba ya uhuru, roketi ya Scout iliruka kutoka jukwaa lile ikiwa na setilaiti ya kuchunguza miali ya eksirei kutoka kwenye nyota. Ilikuwa ya kwanza duniani iliyotengwa kwa kazi hiyo peke yake, nayo ikapewa jina la Uhuru. Neno letu, likaandikwa katika vitabu vya falaki vya ulimwengu mzima. Kwa nini waje mpaka hapa? Kwa sababu hapa ni jirani na ikweta. Dunia inapojizungusha, mtu wa ikweta husukumwa kuelekea mashariki kwa kilomita 1,670 hivi kwa saa, na roketi hupewa mbio hizo bure. Na hata baada ya urushaji pale kukoma mwaka 1988, kituo kiliendelea na kazi. Roketi za Ariane 5 zilizorushwa Kourou, Amerika ya Kusini, zilikuwa zikifuatiliwa kwa mnyororo wa vituo: Natal huko Brazili, kisiwa cha Ascension, Libreville, kisha Malindi. Watangazaji wa Ulaya walikuwa wakilitaja jina la mji huu, na wataalamu wakishusha pumzi wakisikia kwamba Malindi wameinasa.

Lakini niambieni: ile Scout iliyobeba Uhuru, vipande vyake viko wapi? Vilianguka Bahari Hindi. Vya Ariane 5 je? Baharini. Miaka na miaka, karibu kila roketi iliyopeleka setilaiti ilikuwa ya safari moja. Unaunda chombo kwa miezi, kwa mamilioni ya dola, kinafanya kazi dakika chache, kinazama. Ingekuwa kila mkienda kuvua mnaiacha mashua huko huko mkarudi kwa kuogelea, nguru mmoja angeuzwa kwa shilingi ngapi?

Sasa twende Florida.

Jumapili, tarehe 22 Julai 2018. Kule Cape Canaveral ni usiku, saa saba na dakika hamsini. Kwetu ni asubuhi, saa mbili na dakika hamsini. Mimi niko nyumbani, mahamri mezani, simu nimeiegemeza kwenye chupa ya chai. Katika kiwambo cha simu imesimama Falcon 9 ya kampuni ya SpaceX: urefu wa mita 70, uzito wa tani 549, na karibu uzito wote huo ni mafuta na oksijeni iliyopozwa mpaka ikawa maji. Na mafuta yenyewe ni yapi? Mama zangu, ni mafuta ya taa. Yamesafishwa sana, lakini ni ndugu wa haya mnayotia kwenye jiko la utambi. Chini ya roketi kuna injini tisa. Mke wangu ananimiminia chai, na injini zinawaka.

Sehemu ya chini, ile kubwa yenye injini tisa, ndiyo tuiite busta. Hii ilikuwa na namba, B1047, nayo ilikuwa ikiruka kwa mara ya kwanza. Ishikeni namba hiyo. Kazi ya busta ni kuusukuma mzigo wote kutoka chini, kuupitisha kwenye hewa nzito, na kuufikisha mbio za kilomita 8,000 hivi kwa saa. Inachukua dakika mbili na nusu tu. Kisha injini zinazimwa, busta inaachana na sehemu ya juu, na sehemu ya juu inaendelea na setilaiti.

Zamani hadithi ya busta iliishia hapo. Sasa ndipo inapoanza.

Fikirini pamoja nami. Una bomba la alumini lenye urefu wa zaidi ya mita 40, jengo la ghorofa kumi na kitu, karibu tupu, linakwenda kwa mbio kuliko risasi ya bunduki, kule ambako hewa imekwisha. Bado linapanda kwa kasi lililonayo. Linajigeuza kwa kupuliza vijimkondo vya gesi, injini zielekee mbele. Juu kabisa yanafunguka mapezi manne ya madini ya titani, yametobolewa kama wavu au kama chekecheke, na hayo ndiyo usukani. Likianza kuigonga hewa tena, injini tatu zinawashwa ili kulipunguza mbio, maana bila hivyo joto lingeliharibu. Halafu linaanguka. Linaanguka moja kwa moja kuelekea tishari lililoegeshwa katikati ya Atlantiki, mamia ya kilomita kutoka pwani, halina baharia hata mmoja juu yake. Sitaha ya tishari hilo ina urefu wa mita 90 hivi na upana wa mita 50 hivi. Kwa anayeshuka kutoka kule juu, hicho ni kipande cha kucha.

Na hapa kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui, nalo ndilo linalonifanya niwavulie kofia wahandisi wale. Busta ikiwa karibu tupu ni nyepesi sana, na injini zake zina nguvu sana. Hata ukiacha injini moja tu, ukaipunguza mpaka mwisho wake, bado inasukuma kwa nguvu kuliko uzito wa busta yenyewe. Maana yake nini? Maana yake haiwezi kuelea hewani ikajifikiria. Ikiwasha mapema, itasimama juu ya sitaha kisha ianze kupanda tena. Ikichelewa, itajibamiza. Lazima mbio zifike sifuri mahali pale pale ambapo urefu kutoka sitaha unafika sifuri. Manahodha wa majahazi mnalijua hili: chombo kizito hakina breki, unaishusha tanga pale unapojua kwamba mwendo uliobaki utakufikisha gatini na usiligonge. Ukikosea, hakuna kurudia.

Miguu minne ikafunguka. Moshi ukajaa katika picha. Picha ikakatika, ikarudi, na busta imesimama. Imepakwa masizi kuanzia chini hadi juu kama sufuria ya kuni, lakini imesimama. Ilikuwa dakika ya nane na nusu hivi tangu injini ziwake. Niliposhika kikombe changu, chai ilikuwa bado ina moto.

Lakini subirini. Hapa pana hesabu isiyokubali. SpaceX wenyewe wametangaza kwamba Falcon 9, kwa safari ya kawaida ya setilaiti za ikweta, inaweza kubeba hadi kilo 8,300 kama busta haitarudi. Busta ikirudi, ni kilo 5,500 hivi. Tofauti ya karibu tani tatu, na hizo tani tatu ndizo gharama ya mtungi wa pili. Sasa Telstar 19 ilikuwa na kilo 7,075, na busta imerudi! Nani alilipa?

Aliyelipa ni setilaiti yenyewe. Roketi haikuifikisha pale ambapo setilaiti nyingi hufikishwa. Kwa kawaida huachiwa katika njia ambayo upande wake wa mbali unagusa zile kilomita 35,786. Hii iliachiwa katika njia ambayo upande wake wa mbali haukufika kilomita 18,000. Nusu tu ya urefu. Kilichobaki, setilaiti ikajipandisha kwa mafuta ya tangi lake, lile nililowaambia mlikumbuke. Waliiunda ikiwa na tangi kubwa, uzito ukazidi, lakini uzito huo ulikuwa uwezo wa kupanda. Ni kama mjomba angewaambia abiria wake: nitawashusha nje ya mlango wa bahari, makasia mnayo, pigeni mpaka gatini, mimi nirudi kabla maji hayajakupwa. Nayo ikapiga kasia, ikafika mahali pake juu ya nyuzi 63 magharibi, kuzihudumia nchi za Amerika. Nalipenda sana suluhisho hili, nalo linazungumzwa kidogo mno. Watu wanatazama moto na moshi wa kutua. Mimi natazama ule mkataba baina ya roketi na mzigo wake, nani abebe nini.

Msidhani ilikuja kirahisi. Januari 2015 busta ya kwanza iliyojaribu kutua juu ya tishari iliishiwa na mafuta ya kusukumia mapezi, ikaligonga tishari kwa ubavu. Aprili mwaka huohuo vali moja ikawa nzito kufunguka, busta ikagusa sitaha na kuanguka. Januari 2016 nyingine ilitua vizuri kabisa, lakini mguu mmoja haukujifunga, ukakunjika, ikalala na kulipuka. Walifanikiwa ardhini Desemba 2015, na baharini tarehe 8 Aprili 2016. Tarehe 30 Machi 2017 wakaipeleka setilaiti ya mawasiliano ya SES-10 kwa busta iliyokwisha kuruka na kutua yenyewe mara moja, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifanya kabla yao. Leo kuna busta iliyoruka zaidi ya mara 30.

Na hata ukishatua, ndugu zangu, hujafika. Aprili 11, 2019, iliruka Falcon Heavy, ambayo ni kama Falcon 9 tatu zilizofungwa pamoja, ikiwa na Arabsat-6A, setilaiti ya mataifa ya Kiarabu yenye kilo 6,465. Mzigo ulifika salama. Busta mbili za pembeni zikarudi zikatua ufukweni Florida, bega kwa bega, karibu kwa pigo moja. Ya katikati, iliyokwenda mbali zaidi, ikatua juu ya tishari karibu kilomita 1,000 baharini. Zote tatu! Watu wakashangilia.

Kisha bahari ikachafuka.

Tishari lina mashine maalumu inayotambaa chini ya busta iliyosimama, ikaikamata isitikisike. Lakini busta ya katikati ya Falcon Heavy ilikuwa na mashikizo tofauti, na mashine ile ilikuwa haijarekebishwa kuishika. Mawimbi yakafika kama mita tatu. Hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba wafanyakazi hawakuweza kutumwa sitahani kuifunga. Busta iliyotoka ukingoni mwa anga, ikapita kwenye moto, ikatua wima juu ya ubao unaoelea, ikateleza na kupinduka njiani ikirudi bandarini. Kipande kilichovunjika ndicho kilichofika.

Nilipoisikia habari hiyo nilimkumbuka mjomba wangu. Alikuwa hasemi "nimerudi" akiona minara ya mji. Alikuwa hasemi "nimerudi" nanga ikiguswa na mchanga. Alikuwa analisema neno hilo akiwa amekaa kitako mlangoni kwake, anaosha miguu.

Sasa nifike kwenye habari ambayo ndiyo hasa iliyonifanya nikubali kuja leo, kwa sababu inatuhusu sisi.

Tarehe 1 Septemba 2016, Mark Zuckerberg, mwenye Facebook, alikuwa Nairobi. Wengi mnaikumbuka safari ile, picha yake akila ugali na samaki mzima ilizunguka kila simu. Kampuni yake ilikuwa imekodi sehemu ya setilaiti ya AMOS-6, ya kampuni ya Spacecom ya Israeli, ili kuleta intaneti katika nchi nyingi za Afrika kusini ya Sahara. Setilaiti ilikuwa tayari imefungwa juu ya Falcon 9, katika uwanja namba 40 pale Cape Canaveral. Ilibaki siku mbili iruke. Siku hiyo walikuwa wanajaza mafuta kwa ajili ya kuzijaribu injini tu. Saa tatu na dakika saba asubuhi kwa saa zao, saa kumi na dakika saba jioni kwa saa zetu, roketi ikalipuka pale pale iliposimama. Hakuna aliyeumia, uwanja ulikuwa umeondolewa watu. Lakini setilaiti ile, yenye thamani ya karibu dola milioni 200, iliungua na kuanguka kutoka juu. Uchunguzi ulionyesha kwamba chanzo kilikuwa vichupa vya gesi ya heliamu vilivyozamishwa ndani ya tangi la oksijeni: oksijeni baridi mno ilipenya chini ya nyuzi za kaboni zilizovizingira vichupa hivyo, ikanaswa humo, ikawaka.

Wakati huo nilikuwa na orodha ya shule na zahanati ambazo wateja wangu walikuwa wakiniuliza kila wiki, "Fundi, intaneti ya bei nafuu itakuja lini?" Muuguzi mmoja wa kisiwani, dishi lake la zamani lilikuwa linamla nusu ya bajeti. Jioni ile alinipigia simu. Hakuuliza kitu. Alisema, "Nimeona." Tukanyamaza wote wawili kwenye simu kwa muda, kisha akakata.

Uwanja namba 40 ulitengenezwa upya, ukaanza kazi tena Desemba 2017. Ndio huohuo uliomrusha yule ndovu wetu, Telstar 19, Julai 2018, juu ya busta B1047. Mmeishika namba? B1047 ikasafishwa, ikakaguliwa, na tarehe 15 Novemba 2018 ikaruka tena. Safari hii ilibeba Es'hail-2 ya Qatar, ambayo ndani yake iliwekwa mitambo ya watu wa redio za kujifurahisha, ya kwanza ya aina hiyo kule juu ya ikweta. Afrika yote imo ndani ya eneo lake. Mtu mwenye dishi dogo hapa pwani anaweza kuzungumza na mwenzake wa Brazili kwa mitambo ile bila kumlipa mtu. Busta ikatua tena juu ya tishari. Mara ya pili imerudi.

Spacecom nao walikuwa wanadai safari. Mkataba wa ile iliyoungua uliwapa haki ya kurushiwa nyingine bila malipo. Wakaagiza kwa Boeing setilaiti mpya, AMOS-17, iliyokusudiwa hasa kwa Afrika, iwekwe juu ya nyuzi 17 mashariki. Uzito wake tani 6 na nusu. Ikapangwa iruke kutoka uwanja uleule namba 40. Busta iliyochaguliwa ni ipi?

B1047.

Basi tuulize swali letu kwa mara ya mwisho. Tani 6 na nusu. Safari hii setilaiti haikuachwa njiani ijipigie kasia nusu ya bahari. Ilitakiwa ifikishwe juu, ili mafuta ya tangi lake yabaki kwa miaka ya kazi, miaka ya kuhudumia huku kwetu. Nani atalipia mtungi wa pili?

Waliivua B1047 miguu yake yote minne. Wakaivua mapezi yake ya titani. Vitu hivyo ni vya kutua, na vina uzito, nayo haikuwa inarudi. Mtungi wa nyumbani ukafunguliwa kitambaa, wote ukamiminwa kwenye safari ya kwenda.

Ilikuwa usiku wa kuamkia tarehe 7 Agosti 2019, saa nane na dakika ishirini na tatu kwa saa zetu. Nilikuwa macho. Niliiangalia ikipanda katika mwanga wa jioni ya Florida, tupu pembeni, bila miguu, na kwa kweli ilikuwa kama kumwangalia mtu aliyeacha viatu mlangoni. Busta ilimaliza kazi yake, ikaachana na mzigo, ikaanguka Atlantiki. Meli moja ilifanikiwa kuudaka kwa wavu nusu wa kifuniko cha pua ya roketi ukishuka kwa mwavuli. Busta yenyewe haikutafutwa. Setilaiti ikaachiwa juu, ikafungua mabawa yake.

Yule muuguzi nilimwandikia ujumbe saa kumi kasoro alfajiri, nikidhani atauona akiamka. Akajibu papo hapo. Alikuwa zamu ya usiku, na zahanati nzima ilikuwa imeangalia kwenye simu yake.

Nawaomba usiku huu, mkitoka hapa, msimame uwanjani kabla hamjapanda magari. Elekeeni magharibi, kulekule jua lilikotua. Inueni mkono usawa wa macho, kisha uendelee kupanda, zaidi kidogo ya theluthi mbili ya njia mpaka utosini. Hamtaona kitu, ni mbali mno kwa macho. Lakini mahali hapo, nyuma ya kidole chako, ndipo AMOS-17 ilipowekwa.

Asanteni kwa kunisikiliza. Mwenye swali na aje mbele, nimekuja na dishi langu na spana, na wanafunzi watakaopenda kulielekeza wenyewe wana nafasi mpaka saa mbili.